Beji Iliyoachwa Kwenye Basi

Maji ya mfereji yalitiririka gizani, yakakoma, yakatiririka tena. Jeptoo alifumbua macho akasikiliza. Kulikuwa hakujapambazuka, na bintiye Tiffany alikuwa bado amelala fofofo kando yake. Aliyekuwa bafuni ni mumewe, Kiprop, aliyekuwa ametoka kazini. Mtu aliyechoka hanawi mikono namna ile.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha uchi hazai. Mjamzito akimwonea haya mkunga, akang'ang'ania nguo yake, mtoto atapata wapi njia? Ndivyo ilivyo kwa kila mwenye shida. Asiyetaka kuonyesha panapomuuma, hata mwenye dawa mkononi atamtazama tu. Kiprop aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, lakini kuijua methali si sawa na kuifuata.

Familia hiyo iliishi Muaither, kitongoji cha kando ya jiji la Doha, Uarabuni, katika nyumba kubwa iliyogawanywa vyumba vya kupangisha, jikoni wakishirikiana na majirani. Kiprop na kiongozi wake, Ndirangu, walifanya kazi katika mtambo mpya wa umeme na maji uliokuwa ukijengwa nje ya Doha. Mafundi walipounganisha mabomba kwa kuchomelea, wawili hao waliyapiga picha kwa mionzi, kama hospitali inavyoupiga picha mfupa uliovunjika. Ndani ya sanduku zito la chuma mlikuwa na punje ya madini yenye mionzi mikali. Walizungusha mkono wa mashine kutoka mbali, waya ukaisukuma punje nje hadi kwenye bomba lililobandikwa filamu. Picha ikishapigwa, waya uliirudisha sandukuni. Kazi ilifanywa kabla ya mabasi ya wafanyakazi kufika, ili pasiwe na mtu karibu.

Kila mmoja wao alipewa beji ndogo ya kuvaa kifuani, ya kupima mionzi inayomfikia. Aliyepata mionzi kupita kiasi aliondolewa kazini akakalishwa stoo, na ovataimu yake ikaota mbawa. Kwa hiyo ikazuka desturi mbaya. Mwezi ulipoelekea ukingoni, vijana waliziacha beji kwenye basi dogo lililowaleta wao, zikining'inia pamoja na mifuko ya chakula. Ndirangu alipenda kusema kwamba beji nazo zinahitaji ofu, zipumzike kama watu.

Jeptoo aliamka akaenda kusimama mlangoni mwa bafu. Kiprop alijaribu kumwambia ni uchovu tu, lakini uso wake ulimsaliti. Hatimaye alisema. Ndirangu alikuwa amezungusha mashine mpaka mkono ukagoma, akadhani punje imerudi, akamwambia mwenzake aende kwenye bomba. Kiprop alikwenda bila kipima mionzi cha mkononi, maana kilikuwa kimeachwa juu ya gari. Alikuwa ameshika bomba, akiibandua filamu, Ndirangu alipokichukua kipima kikaanza kulia kama nyigu walioguswa. Punje ilikuwa bado nje, karibu na vidole vyake. Walitimua mbio, wakazungusha upya, ikarudi.

"Imekupaka kitu?" Jeptoo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mionzi haipaki. Haioshwi kwa maji."

"Basi unaosha nini, Baba Tiffany?"

Kiprop aliufunga mfereji.

Simu ikatetema mfukoni mwake. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Ndirangu. "Kip, kunywa maziwa mengi ulale, maziwa yanaondoa sumu. Tusiende kujianika kama wanakwaya wakitoa ushuhuda. Beji ziko safi, na beji ikiwa safi, mtu ni safi."

Kiprop alitaka sana kumwamini. Akimripoti mwenzake angeitwa msaliti. Akiripoti jambo lenyewe angeweza kuachishwa kazi, kibali chao cha kuishi kule kifutwe, na Tiffany aliyekuwa ameandikishwa shule arudishwe nyumbani. Alimweleza mkewe hayo yote, naye Jeptoo hakuyabeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akimpapasa mtoto mgongo, kisha akauliza swali moja tu.

"Lile sanduku, zamu ijayo linakwenda na nani?"

Lilikuwa linakwenda na Dominiko, Mganda mcheshi wa kambi ya wafanyakazi ya Industrial Area, waliyekuwa wakikutana naye kanisani kila Ijumaa, siku ya mapumziko kule. Dominiko hakujua kwamba waya ule umegoma.

"Kunywa chai," Jeptoo alisema. "Halafu uende."

Asubuhi hiyo Kiprop alifika katika ofisi ya Milcah, mwanamke wa kwao, kutoka Vihiga, aliyekuwa ofisa wa kinga ya mionzi wa kampuni yao. Alipoanza kueleza, Milcah hakuuliza nani alikosea. Aliuliza kwanza sanduku liko wapi, akapiga simu stoo, akaagiza lifungiwe asiliguse mtu. Kiprop akashusha pumzi. Sasa Dominiko alikuwa salama. Akasimulia yaliyobaki, ila kipande kimoja akakiruka.

Milcah alimshukuru, akasema beji yake ingepelekwa kusomwa siku hiyohiyo, na daktari angefuata yatakayosomwa. "Ikionyesha umepata kidogo, unarudi kazini kesho," alisema. "Sitakusumbua tena."

Njia ya kuponyoka ilikuwa wazi. Beji ile isingeonyesha chochote, naye angerudi kazini kama mtu asiyeguswa na jambo. Kiprop aliinuka, akaaga, akafika mpaka kwenye kitasa. Hapo akavitazama vidole vyake. Akamwona daktari akisoma karatasi isiyo na kitu, akimpa mkono na kumtakia siku njema, huku ugonjwa, kama upo, ukiingia ndani kimyakimya kama mchwa. Akarudi akaketi.

"Madam, hiyo beji usiipeleke. Haikuwa kifuani mwangu. Ilikuwa kwenye basi."

"Yako peke yako?"

"Zetu sote. Na si leo tu."

Milcah alivua miwani akaiweka mezani. Hakumfokea. "Sasa ndiyo umekuja kuripoti," alisema. "Mwanzoni ulikuja kunisalimia tu."

Kwa kuwa beji haikuwa na la kusema, ilibidi mwenyewe aseme. Alipelekwa mahali pale, akasimama kando ya bomba bila punje kuwepo, akavishika vitu vilevile jinsi alivyokuwa amevishika, wataalamu wakapima umbali wa vidole, kifua na macho, wakapiga hesabu. Ilibainika alikuwa amepata mionzi kupita kiwango kinachoruhusiwa, hasa vidoleni. Alitolewa damu, akaambiwa awe akirudi kuangaliwa. Baada ya muda, vidole viwili vilianza kuwasha, vikawa vyekundu kama nyanya. Daktari hakubahatisha. Alijua hasa anatibu nini. Pengine mtu mwingine angedhani ni saruji, akampa mafuta ya kupaka, akamwacha aende zake.

Fundi alipolikagua sanduku, aliona ndoano ya waya ilikuwa imelika kama kisigino cha kandambili. Ingesukumwa tena kidogo, ingeachia, punje ibaki kwenye bomba, na Dominiko aende kubandua filamu yake kwa amani. Taarifa ilipelekwa kwa wanaohusika serikalini, na masanduku yote yakakaguliwa.

Si kwamba mambo yalikuwa matamu. Kiprop alipewa barua ya onyo, akaondolewa kwenye kazi ya mionzi na kuwekwa ofisini kusoma filamu, bila ovataimu. Ndirangu alivuliwa uongozi. Naye alipelekwa kupimwa, maana beji yake ilikuwa imepata ofu nyingi kuliko zote, na damu yake ikaonekana inahitaji uangalizi. Alimtumia Kiprop ujumbe mfupi. "Umeniuza, Kip. Lakini daktari anasema ningechelewa." Tangu hapo hakuna aliyepita langoni kabla beji haijaonekana kifuani.

Jioni moja Jeptoo alikuwa jikoni akisonga ugali, Kiprop akimkatia sukuma wiki kwa vidole vilivyofungwa bandeji, Tiffany akichezea vifuniko vya sufuria sakafuni. Jirani yao Fiona aliingia na chungu chake, akauliza kwa kicheko imekuwaje siku hizi Baba Tiffany anatoka asubuhi kama karani, amepandishwa cheo ama amefukuzwa?

Kiprop alifungua kinywa akitafuta neno zuri la kujisitiri. Jeptoo alimtazama, akakumbuka mfereji ule uliokuwa ukitiririka gizani, akaona jinsi aibu ilivyokaribia kumnyima mumewe mkunga. Kweli, mficha uchi hazai.

Tiffany akainua kichwa, akamjibu jirani, "Baba alikosea kazini, akaenda akasema."