Mlezi Aliyemchoma Neva

Hapo zamani, si zamani sana, ndani ya utumbo wa Bwana Mahfudhi waliishi watatu. Neva, seli ya fahamu, alitoa amri. Msuli alisukuma chakula. Na Mlezi, seli ambaye hakuna aliyemuuliza hata jina, alimlisha Neva, akamfuta taka, akamlinda. Neva akisifiwa, Msuli akisifiwa, Mlezi akifagia.

Siku moja Bwana Mahfudhi akaalikwa kwa wakwe zake wapya, jamaa waliomwoa binti yake Rehema. Tumbo lilikuwa likimsokota tangu juzi, na mkewe Bi Saumu akamwambia, "Baba Rehema, leo usile."

"Mama Rehema, kwa wakwe sahani hairudi na kitu. Watasema tunawadharau."

Akala pilau. Akaongezwa, akala tena.

Basi vijidudu adui vilivyokuwa tumboni tangu juzi vikapata nguvu, utumbo ukawaka moto. Mlezi akamhofia Neva wake, akamwaga dawa kali ya kufukuza adui. Akamwaga, akaongeza, akamwaga tena. Adui akakimbia, lakini dawa ilikuwa imemchoma Neva, naye akafa. Msuli akangoja amri, amri isije. Pilau ikakaa palepale, tumbo likavimba kama ngoma, na Bwana Mahfudhi akaanza kuaga watu.

Mlezi akalia sana. Kisha akamtoa mwanawe mwenyewe, akamgeuza kuwa Neva mpya. Mwana akatoa amri, Msuli akasukuma, Bwana Mahfudhi akapona. Jambo la kwanza alilosema: "Pilau ya wakwe ina baraka."

Huko ndani ikawa kesi. Jamaa wa marehemu, neva wa sehemu nyingine za mwili, wakaja wakataka mkosaji afukuzwe.

Msuli akasema, "Mlezi ameua, kila mtu ameona. Mimi sikuambiwa kitu."

Mlezi akasema, "Nimeua kwa kupenda, na nimelipa kwa mwanangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini Msuli, uliona chakula kimelala mbele yako, ukakunja mikono ukingoja kuambiwa? Na huyo aliyekula je?"

Bi Saumu naye, huko nje, alikuwa akimuuliza mumewe hilo hilo. Mume akajibu, "Mimi? Mila ndiyo iliyokula."

Jamaa wakashikilia: lazima atoke mtu. Ila Neva mpya bado ananyonya, na akitoka Mlezi, mtoto atakufa njaa, na utumbo utalala tena.

Haya, nyie mliokaa hapo mkishika matumbo yenu: Mlezi, Msuli, au Bwana Mahfudhi na mila zake, je, nani alistahili kufukuzwa?