Sufuria Iliyopenda Sifa

Sogeeni, wenye masikio, na aliyekosa mkeka akae mlangoni.

Alikuwapo Mize, bibi harusi mgeni ukweni. Zimwi aliloliuguza huko kwao lilimtunuku sufuria, likamwambia, "Watu wakikisifu chakula chake, itajaa yenyewe."

Siku moja mama mkwe wake, Bi Salkha, akaalika majirani waje waonje halua ya uwanga ya mke wa mwanawe. Nanyi mnajua, uwanga, ule unga wa kiazi kikali, huoshwa na kuachwa utuame, maji yakamwagwa: maji ya kwanza, maji ya pili, maji ya tatu, mpaka ukali utoke. Mize aliosha mara moja tu, akauona mweupe, akapika.

Wageni wakaonja. Ndimi zikawawasha, machozi yakawalenga.

"Tamu, mwanangu," akasema jirani wa kwanza. Sufuria ikajaa, wakapakuliwa tena.

"Tamu kweli," akasema wa pili, midomo imemvimba. Sufuria ikajaa, wakapakuliwa tena.

"Mkono wako una baraka," akasema Bi Salkha, jasho likimtoka. Sufuria ikajaa hadi ikamwagika.

Ndipo Mize akaonja mwenyewe. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Acheni kula," akasema, kichwa chini. "Sikubadilisha maji."

Sufuria ikakauka.

Bi Salkha akamsogelea, akamnong'oneza, "Tulijua tangu tonge la kwanza. Tulikuwa tunakusitiri."

Hapo ndipo Mize alipojifunika kanga usoni, asiifunue mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka.

Ngano yangu imetuama kama uwanga. Maji yake nimeyamwaga.