Pimbi na Nguchiro Walivyolindiana Watoto

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo? Mmekula au hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, ndiyo hiyo. Wakubwa kunjeni miguu, watoto wapate pa kukaa.

Hapo zamani za kale palikuwa na mto. Upande huu wa mto, nchi ya Simba. Upande ule, nchi ya Chui. Simba na Chui walikuwa hawasemezani. Waligombania nini? Wenyewe walikwishasahau. Lakini mpaka ni mpaka. Simba akisikia jina la Chui, anguruma. Chui akisikia jina la Simba, atema mate.

Sasa, pembeni kabisa mwa nchi ya Simba, kwenye majabali ya mtoni, palikuwa na mji wa Pimbi. Na ng'ambo, kwenye vichuguu vya nchi ya Chui, palikuwa na mji wa Nguchiro. Wadogo hawa. Wafalme hata hawakujua kama wapo.

Miji hii miwili ilikuwa na udugu. Kiangazi kikifika, maji yakipungua, mawe ya mtoni yakionekana, Pimbi walivuka, tap, tap, tap, na vikapu vya matunda. Wakapokewa kwa ngoma. Sheha wa Nguchiro, Makame, akasimama akahutubia. Sheha wa Pimbi, Pandu, naye akasimama akahutubia.

"Sisi ni ndugu!"

"Ndugu kabisa!"

Wakala, wakacheza, wakarudi kwao. Kisha Nguchiro nao wakavuka, tap, tap, tap, na vikapu vya panzi wa kukaanga. Pimbi hawali panzi. Walishukuru sana. Wageni walipoondoka, wakawafukia wale panzi.

Miongoni mwa wabeba vikapu alikuwepo mama mmoja wa Kipimbi, jina lake Mashavu. Mwaka huo Mashavu alikuwa na jambo moyoni. Ndani ya nyufa za majabali alikuwa amehamia Swila, nyoka mweusi mwenye kutema sumu. Leo kala huyu, kesho kala yule. Mtoto wa kwanza wa Mashavu aliingia ndani ya ufa asubuhi, hakutoka. Mashavu akakaa mdomoni mwa ufa akaita. Akaita mpaka sauti ikakauka. Kisha akanyanyuka, akaenda kuwapa chakula waliobaki.

Siku ya kuvuka ikafika. Sheha Pandu akawaonya watu wake.

"Habari za Swila msizitaje huko. Msitutie aibu mbele za watu."

Wakavuka. Wakakaribishwa majamvini. Sheha Makame akauliza kama alivyouliza miaka yote:

"Jamani, habari za kwenu?"

"Njema!" wakaitika Pimbi.

"Watoto?"

"Wazima!"

Mashavu alikuwa ameshika kikapu. Akakiweka chini.

"Si wazima," akasema.

Ngoma ikanyamaza, pu!

"Wangu kaliwa. Wa jirani yangu kaliwa. Tuna nyoka majabalini, na sisi kupigana na nyoka hatujui. Nyinyi mnajua. Miaka yote tunakuja kula kwenu, na hilo hatujawahi kuwauliza."

Sheha Pandu akamvuta mkono. "Mashavu! Umetuvua nguo!"

Halafu nyuma ya majamvi akasimama mama wa Kinguchiro, mwembamba, macho mekundu. Jina lake Mize.

"Hata huku si wazima," akasema Mize. "Mwewe anatumaliza. Sisi tukitafuta chakula, pua ziko chini. Hatumwoni mpaka kivuli kimetufunika. Nyinyi mnakaa juu ya mawe mchana kutwa, mnatazama mbingu. Tupeni macho yenu, tuwape meno yetu."

Masheha wakatazamana. Pandu akajikuna kidevu.

"Mambo ya nchi ya nje ni ya wafalme. Simba akisikia?"

"Sheha," akasema Mashavu, "Simba hajawahi kuingia ufa wowote wa kwetu. Nyoka huyu si wake. Ni wetu."

Wakapatana. Mashavu abaki kwa Nguchiro awe mlinzi wa mbingu. Kazi yake ikionekana, Mize na dada zake wavuke wakamtafute Swila.

Mashavu akapanda juu ya kichuguu kirefu. Nguchiro wakatawanyika, pua chini, chaka, chaka, chaka. Jua likapanda. Mara, doa dogo mbinguni. Doa likaota mabawa. Mashavu akapiga ukelele wa kwao:

"Kwiii! Kwiii!"

Nguchiro wakainua vichwa. Wakamtazama.

"Anaimba," akasema mmoja. Mize akacheka.

Vuuu! Mwewe akashuka. Mwewe akapanda. Kwenye kucha zake, mtoto wa Mize.

Nguchiro wakamzunguka Mashavu.

"Mlinzi gani huyu!"

"Mtupeni mtoni!"

"Basi," akasema Sheha Makame, "udugu huu uishe leo. Arudi kwao."

Mashavu hakushuka kichuguuni. Macho yalikuwa mbinguni, lakini alichokiona ni ule ufa wa kwao.

Mize alikaa chini muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akaja. Wote wakadhani anakuja kumng'ata.

"Huyu Mashavu alilia," akasema Mize. "Nilimsikia kwa masikio yangu. Mimi ndiye niliyesimama nikacheka. Alituambia kweli, kwa lugha nisiyoijua." Akamgeukia Makame. "Sheha, huyu akirudi kwao, Mwewe ataondoka naye?"

Makame akatikisa kichwa.

"Haya, Mashavu," akasema Mize. Sauti yake ilikuwa kavu. "Sisi Mwewe akija tunasema chok. Sema."

"Kwok."

"Chok!"

"Chwok."

"Tena."

Mashavu akasema mpaka koo likamuuma. Nguchiro nao wakafunzwa, wakubwa na wadogo: ukisikia kwii, usitazame nani analia. Kimbia.

Mwewe akarudi, kwa kuwa alishazoea. Doa. Mabawa.

"Chok! Chok! Chok!"

Uwanja mzima, furrr, mashimoni! Mwewe akashuka, akakuta vumbi. Akarudi tena, vumbi. Akarudi tena, vumbi. Mwisho akahama.

"Sasa zamu yangu," akasema Mize.

Akavuka na dada zake. Pimbi walipoona yale meno, wakatimua mbio, nao ndio waliowaita. Nyufa zilikuwa nyingi, zinaingiliana, mgeni hajui huu unatokea wapi. Mize akasimama juani akaita:

"Nani anazijua njia za humu?"

Hapakuwa na mtu. Halafu akatoka Sheha Pandu, tumbo mbele.

"Nimezaliwa humu," akasema. "Ufa huu unaingilia hapa, unatokea kule. Nyinyi kaeni kule. Mimi nitaingia hapa nimfukuze."

"Atakutemea, Sheha."

"Nitafumba macho. Njia ninaijua."

Akaingia. Wakamsikia ndani, gu, gu, gu, akipiga miguu chini, akimtukana Swila matusi ambayo sheha hatakiwi kuyajua. Swila akakereka. Akatokea upande wa pili, shingo kaitanua. Mize akaruka. Swila akagonga jiwe. Mize akaruka tena. Swila akagonga vumbi. Kisha, kacha! Mize kamshika kisogoni. Hakuachia mpaka mkia ukatulia.

Pandu akatoka, jicho moja limevimba. Hapohapo akataka ngoma ipigwe, ahutubie.

"Chakula nitakula, Sheha," akasema Mize. "Hotuba ifupishe."

Lakini chakula hakijaiva, mvua ikaanguka milimani. Mto ukajaa, guuu! Mawe yakazama. Mize huku, Mashavu kule. Masika yote.

Huku, mayai aliyoyaacha Swila yakaanguliwa nyufani. Mize akavisaka vile vijoka, ufa kwa ufa, na wana wa Mashavu wakawa nyuma yake kila aendako. Kule, Mashavu akakaa juu ya kichuguu, mvua ikimnyeshea, akilinda mbingu juu ya vichwa vya wana wa Mize. Habari hazikuvuka. Ukitazama ng'ambo, ukungu mtupu.

Maji yakapungua. Mawe yakatoa vichwa. Mashavu akashuka kutoka kule, Mize akashuka kutoka huku. Wakakutana katikati ya mto, juu ya jiwe moja, kila mmoja anaogopa kuuliza.

Mashavu ndiye aliyeanza.

"Wangu?"

"Wapo wote," akasema Mize. "Wangu?"

"Wapo wote."

Wakashikana. Mize akalia, na tangu mtoto wake achukuliwe alikuwa hajalia. Halafu wakapishana polepole, maana jiwe lilikuwa dogo na maji bado yana nguvu. Kila mmoja akaenda mbio kwa wanawe.

Basi jamani, funzo la ngano hii ni hili. Udugu wa mji na mji haumo katika karamu wala katika hotuba. Mweleze wa ng'ambo shida yako, usikilize na yake. Jifunze lugha yake. Kisha fanyeni kazi pamoja, wala msingoje wafalme wapatane.

Hadithi yangu imekomea hapo. Wewe uliyeisikia, vuka ukamsimulie wa ng'ambo.