Simu Mdomoni mwa Kiboko

— Wanangu, masikio mnayo?
— Tunayo!
— Yako wazi?
— Wazi kabisa!
— Basi jibanzeni pembeni, Kiboko anapita.
— Apite, tumempisha!

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana simu zilikuwepo, Mama Pimbi aliishi kando ya mto na wanawe wanne. Alikuwa mdogo, kapuni anaenea. Asubuhi wanawe walikula mizizi, mchana mizizi, jioni mizizi tena.

Basi binti wa Mama Kanga akapata mchumba. Na desturi ya kijiji kile ilikuwa hii: mpiga filimbi wa harusi hupewa sinia la kwanza la pilau, zima, hata bwana harusi hajaonja. Mpiga filimbi wa zamani alikuwa amehama. Mama Pimbi akawatazama wanawe, akakata mwanzi, akautoboa matundu sita.

"Nitajifunza!"

"Kwa nani, mama?"

"Kwa simu! Hapa hapa nyumbani!"

Kobe akamwazima simu yake, tena akakifuta kioo kwanza kwa kitambaa safi. Mama Kanga akamgawia mtandao. "Pakua masomo yote, jirani. Usinionee haya." Majirani wale walikuwa na moyo, jamani!

Mwalimu alikuwa Chiriku, ndege wa mjini. Ndani ya simu anapuliza kipande: fwii-fwii-fwirii! Anasema, "Haya, sasa wewe!" Kisha ananyamaza, ili mwanafunzi arudie.

Mama Pimbi akapuliza: pfff!

Fwii-fwii-fwirii! "Haya, sasa wewe!"

Mama Pimbi akapuliza: pfff-kwi! Wanawe wakacheka mpaka wakagaagaa chini. Siku ya kumi: fwii! Siku ya ishirini: fwii-fwii-fwirii! Wanawe wakaacha kucheka, wakaanza kucheza.

Siku mbili kabla ya harusi, pu! pu! pu! Kiboko mlangoni.

"We Pimbi, nasikia una simu inayopiga filimbi. Ilete. Sinia lile nalitaka mimi."

"Kaka Kiboko, kwani umejifunza?"

"Nijifunze, mimi? Lete simu, au nakikalia kibanda hiki na watoto wako ndani!"

Mama Pimbi akatabasamu, akabonyeza simu. Fwii-fwii-fwirii! Kabla Chiriku hajasema neno, akaizima.

"Tamu!" akasema Kiboko. "Ila nitaificha wapi, watu wasiione?"

"Kaka, mdomo wote huo, na bado unauliza?"

"Kwa kwa kwa! Una akili, we kadogo!"

"Siku ikifika bonyeza hapa, uitie mdomoni. Ila usiitafune, ni ya Kobe."

Siku ya harusi Kiboko akasimama mbele ya watu, tumbo mbele, bua la tete mdomoni kama filimbi. Simu imelala juu ya ulimi. Fwii-fwii-fwirii! Kina mama wakapiga vigelegele. Kiboko akalitazama sinia, mate yakamjaa.

Mara sauti ya ndege ikasikika kama inatoka tumboni mwake: "Haya, sasa wewe!"

Baba wa bwana harusi akajigusa kifua. "Mimi?"

Fwii-fwii-fwirii! "Haya, sasa wewe!"

"Kiboko, unamwambia nani?" akauliza bibi harusi.

"Mmmh! Mmmh!" Kufungua mdomo hawezi. Jasho tiririri!

Hapo ndipo ikasikika kutoka nyuma ya umati: fwii-fwii-fwirii! Mama Pimbi! Watu wakageuka. Chiriku akapuliza, Mama Pimbi akajibu. Chiriku akapuliza, Mama Pimbi akajibu kwa madoido! Bibi harusi akavua viatu akacheza, na bwana harusi naye akaingia uwanjani.

Mwishowe tumbo la Kiboko likasema, "Hongera, mwanafunzi wangu! Sasa unaweza."

"Sinia ni la—" akaanza Kiboko. Pwaa! Simu ikamdondoka.

"Simu yangu!" akalia Kobe. "Imelowa chapachapa!"

Watu wakacheka mbavu ziwaume. Mama Kanga akalibeba sinia mwenyewe, akalitua mbele ya Mama Pimbi na wanawe. Wakala kwa mikono miwili, wali mpaka puani.

Lakini Mama Pimbi akamwona Kiboko amekaa peke yake, masikio yamelala. Akajaza sahani, nyama ikiwa juu, akampelekea.

Kiboko akala. Akalamba sahani. Kisha akamsogelea, akanong'ona, "Mama Pimbi, hebu niambie ukweli. Hiyo filimbi yako, chaji yake inawekwa wapi?"

Funzo, wanangu, ni hili: kujifunza ni kupoteza siku ishirini bure. Mkitaka pilau, tafuteni simu ya jirani na mdomo mpana wa kuiwekea.

— Hadithi nimeitua!
— Tumeipokea!
— Ni nzito?
— Tunaibeba wote!