Shati la Kobelo na Jina la Mtoto

Hapo zamani, wakati zahanati ilikuwa imeshajengwa lakini watu bado wanaiogopa, aliishi seremala wa Kiluguru aitwaye Kobelo. Viwiko na mgongo wake vilijaa mabaka yenye magamba meupe. Jua liwake, mvua inyeshe, Kobelo na shati la mikono mirefu, vifungo mpaka shingoni.

"Ukimwambia mtu, tumeachana," alimwonya mkewe, Zuena, aliyekuwa mjamzito.

Kila asubuhi Zuena alikung'uta magamba shukani, akanyamaza. Lakini siku Kobelo aliposhindwa kupanda kilima cha kwenda nyumbani, akaketi katikati akihema, Zuena alikwenda kwa Kapera Mnyamwezi, mtani wa mumewe, akamwaga siri yote.

Mtani haombi ruhusa, wala mtani hakasirikiwi. Kapera alimkuta Kobelo gengeni, akamvua shati mbele ya watu.

"Nalichukua mapema, Mluguru! Ukifa si nitalichukua mimi? Ukilitaka, niletee cheti cha zahanati!"

Watu wakacheka. Kobelo akakimbia kifua wazi mpaka zahanati, kwa muuguzi Devota.

"Nipe dawa ya kupaka niondoke."

"Lete mkono nikupime presha."

"Dada, naumwa ngozi, wewe unatafuta moyo?"

"Ugonjwa huu hauambukizi, ila walio nao wako kwenye hatari zaidi ya kuugua moyo. Bila mkono, hakuna dawa."

Kobelo akatoa mkono. Presha ilikuwa juu kupita kiasi, na moyo umeanza kuchoka. Devota akampa dawa za ngozi na za presha, akamkataza chumvi nyingi. Miezi miwili baadaye Kobelo alipanda kilima akipiga mluzi.

"Mtoto wangu atabeba jina la aliyeniokoa!" akatangaza.

Zuena akasema, "Mimi nilivunja ahadi. Ningeachika na tumbo hili!"

"Na mimi je?" Kapera akadakia. "Nimebeba shati lenye jasho la miaka minne! Bila mimi angekwenda?"

"Na bila mimi angekuja, angepaka dawa, angekufa aking'aa," Devota akajibu. "Nani aliuliza habari za moyo?"

"Kwa hiyo akiwa wa kiume aitwe Devota?" Kapera akauliza.

"Kwani wa kike ataitwa Kapera?"

Zuena akashika kiuno. "Jamani, amueni upesi. Huyu hasubiri!"

Nanyi mnaonisikiliza, uchungu umeshaanza, na mkunga yuko mlangoni. Je, mtoto apewe jina la nani?