Majina Yaliyosomwa Mlimani

Ukoo mmoja wa warina asali ulikuwa na binti aliyeitwa Tapkigen. Ukoo huo ulikuwa umefukuzwa katika msitu wa babu zao, na kila walipokwenda kulalamika waliambiwa walete mtu anayejua sheria. Basi wakamsomesha Tapkigen mpaka akawa wakili.

Akapanga chumba mjini karibu na mahakama, akafungua kesi. Ilichukua miaka kumi na mitatu. Mawakili wenzake walimwita wakili wa nyuki, na saa ya chakula alikula peke yake. Kila Jumamosi alipanda mlimani kuwafundisha watu wake kusoma, ili siku hukumu itakapotoka wasihitaji kusomewa na mgeni. Mwanafunzi wake hodari alikuwa shangazi yake, Kobilo, aliyeshika kalamu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sitini.

Orodha ya wadai Tapkigen aliiandika mwenyewe, majina mia mbili kumi na manne. Jina lake hakuliweka, kwa kuwa aliyesimama kama wakili wao hakuweza kusimama pia kama mdai. Akawaonya kwamba msitu ukirudi watajitokeza wengi kusema ni wa ukoo huo, na asiyekuwa katika orodha wasimpe hata bonde moja.

Kesi wakashinda. Ukoo ukakutana mlimani kugawana mabonde ya kutundikia mizinga, na Tapkigen akaja, akaketi katikati ya ndugu zake. Kobilo aliishika hukumu, akasoma jina moja moja, na kila aliyetajwa aliinuka kwenda kuoneshwa bonde lake. Jina la mwisho liliposomwa, Tapkigen alikuwa bado ameketi.

Kaka yake akasema labda wamwongeze. Wengine wakamkumbusha kwamba asubuhi ileile walikuwa wamewarudisha watu kumi na wawili wasiokuwa katika orodha. Akiongezwa mmoja, hao nao watarudi na watakuwa na haki ya kuuliza. Wote wakamgeukia Kobilo. Alikuwa akilia, lakini karatasi hakuikunja.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma," alisema. "Nimelitafuta jina lako mara mbili. Halimo."

Tapkigen akamwambia amesoma sawasawa. Akawaaga mmoja mmoja, akateremka mjini kwenye chumba chake cha kupanga. Jumamosi iliyofuata alipanda tena kufundisha, kama kawaida yake. Jioni wakamshukuru sana, wakamfungia asali kwenye majani, wakamsindikiza mpaka njia panda. Hakuna aliyemwambia alale.

Nanyi mliokwisha kuingia nyumbani, nawauliza: aliyewarudisha analala wapi?