Saini ya Alhaji Bwanausi

Mtu akisema uongo mmoja asidhani amemaliza kazi. Ndiyo kwanza ameajiriwa. Uongo hutaka kulindwa kutwa kucha, na mlinzi wake hana likizo. Waliotutangulia waliliona hilo, wakatuonya kwamba mwongo hafiki mbali hata akienda mbio. Asiyeamini na amuulize Abdullatif, fundi simu wa pale karibu na stendi ya Bagamoyo.

Abdullatif alimpenda Ghalia, binti wa Mzee Yousuf, muuza vitambaa. Alimpenda kwa moyo wake wote, na Ghalia naye alikuwa ameridhia. Kilichobaki ni baba, na baba mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye macho makali yaliyowafanya vijana wasahau hata majina yao. Kitu kimoja tu kilimlainisha, nacho ni nyimbo za marehemu Alhaji Bwanausi, mpiga udi na mwimbaji wa taarabu ambaye mji mzima ulijivunia. Likitajwa jina hilo, uso wa mzee ulikunjuka.

Siku Abdullatif alipoitwa kwa mara ya kwanza ili atazamwe, maneno yalimwishia baada ya shikamoo. Mzee Yousuf aliitikia marahaba, kisha akanyamaza, akimtazama. Kijana wa watu jasho likamtoka, na katika kutapatapa kwake ulimi ukamponyoka.

"Marehemu babu yangu Amin alikuwa sahibu mkubwa wa Alhaji Bwanausi, mzee. Hata nyumbani tunayo santuri ambayo Alhaji alimtilia saini kwa mkono wake."

Mzee Yousuf aliweka kikombe chini. "Wallahi?"

"Wallahi, mzee."

Loo! Kweli ulimi hauna mfupa. Santuri ilikuwapo, hilo si uongo, kwani babu aliipenda taarabu kupita kiasi. Lakini saini haikuwapo, na huo usahibu ulikuwa wa babu kumtazama Alhaji jukwaani kama walivyomtazama watu wengine.

"Basi siku ya kuleta posa uje nayo," alisema Mzee Yousuf, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nami niishike kabla sijafa."

Abdullatif alirudi nyumbani. Angeweza kurudi kesho yake akasema, mzee nisamehe, niliteleza. Hakurudi. Alijifungia chumbani akakiteremsha ukutani cheti chake cha chuo. Alhaji Bwanausi, katika uzee wake, alikuwa msimamizi wa chuo walichosomea Kurani watoto wa mtaani kwao, na vyeti vyote alivitia saini yeye. Abdullatif alikipokea chake kutoka mkononi mwa mzee yule, akapapaswa kichwa na kuombewa dua.

Sasa akaiiga saini ile juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, akaiiga tena na tena mpaka mkono ukamtii. Ndipo akaandika kwenye jalada la santuri: "Kwa sahibu yangu Amin. Alhaji Bwanausi." Akaupaka wino chai ya rangi kwa ncha ya pamba ili uonekane wa zamani, akalianika jalada juani. Jioni alipoitazama, mwili ulimsisimka. Saini ilifanana na ya kwenye cheti kama reale kwa ya pili.

Alidhani amemaliza. Thubutu! Siku chache kabla ya posa, Ghalia alimpigia simu, sauti yake ya chini.

"Latifu, baba hafanyi jambo nusu. Amemtumia mtu Bi Mwanamkasi, mjane wa Alhaji, aje kutoka Mkange kuitazama hiyo santuri."

"Ya nini yote hayo?"

"Anasema siku hizi watu wanaghushi kila kitu. Anataka aishike bila shaka moyoni. Latifu, nisikilize. Kama kuna neno, niambie mimi sasa hivi. Baba ana hasira, lakini napajua pa kumshika. Kuna neno?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na aliyeushikilia ni mtu anayempenda. Lakini hofu ina tabia moja mbaya: humkimbiza mtu kuelekea shimoni.

"Hakuna neno," alisema.

"Haya. Nimekuamini."

Tangu hapo hakukalika. Akitengeneza simu za watu, bisibisi ikawa inaparuza vioo. Mara alifikiri aseme santuri imeibwa, mara aseme imeliwa na mchwa, na kila uongo aliouvuta ulikuja na mwingine umeufuata nyuma. Shangazi yake Raya, aliyemlea tangu utotoni, alidhani ni homa ya posa. "Wanaume bwana! Na bado hujaoa," akamtania.

Siku ikafika. Baada ya sala ya alasiri, Shangazi Raya alitangulia na barua ya posa, mshenga akamfuata, na Abdullatif akawa nyuma, santuri kifuani ndani ya kitambaa cheupe. Sebuleni kwa Mzee Yousuf kulinukia ubani na kahawa. Barua iliwekwa juu ya sinia, kando ya halua. Wanawake wa nyumba ile walikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Na pale kitini, mdogo wa umbo, amevaa miwani mizito, alikuwa ameketi Bi Mwanamkasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nikione hicho ulichotuletea."

Aliisogeza santuri karibu na macho, akaifuata saini kwa kidole, herufi baada ya herufi. Abdullatif alitamani ardhi ipasuke. Hatimaye bibi akashusha pumzi.

"Mkono huu naujua," alisema. "Ni wake mume wangu."

"Alhamdulillahi!" alisema Mzee Yousuf. Nyuma ya pazia vigelegele vilipasuka, na mtaani majirani wakaanza kuulizana kuna nini. Abdullatif nusura alie kwa raha. Mungu mkubwa, amevuka!

Lakini Bi Mwanamkasi hakuirudisha santuri. Alikuwa bado anaitazama, na kipaji cha uso wake kilikuwa kimekunjamana.

"Mjukuu wangu, ilikuwa lini?"

Laiti angesema sijui! Lakini mtu aliyetoka kuponea chupuchupu hulewa. Abdullatif akalegeza ulimi.

"Babu alisimulia kwamba Alhaji alikuwa ndiyo kwanza amerudi Maka. Akaja barazani kwetu, akapiga udi, akaimba mpaka watu wakatoa machozi. Ndipo akaitia saini."

"Akaimba?"

"Akaimba, bibi."

Bibi aliivua miwani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulimtisha Abdullatif kuliko ukali wowote.

"Mume wangu alimwahidi Mola wake mbele ya Kaaba kwamba muziki basi. Aliporudi alinipa udi wake nikauviringishia kitambaa, na hakuushika tena mpaka nilipomfumba macho. Hakutangaza, kwa sababu hakutaka kuwaaibisha wenzake waliokuwa wakila kwa kazi ile. Watu wakadhani sauti imezeeka. Waliomletea santuri awatilie saini aliwarudisha mlangoni kwa maneno mazuri. Na kabla ya Maka angejiitaje Alhaji? Jina hili aliliandika kwenye vyeti vya watoto wa chuo tu." Akamwinulia macho. "Wewe ulisoma pale kwetu?"

Vigelegele vilikuwa vimekatika. Shangazi Raya alijifunika uso kwa ushungi.

Mzee Yousuf hakupaza sauti. "Uliapa kwa jina la Mungu, humu ndani mwangu," alisema. "Ungeniletea santuri tupu, ukaniambia babu yangu aliipenda, ningekukalisha hapa tuisikilize pamoja. Mimi saini ingenifaa nini? Nilikuwa natafuta mtu wa kumkabidhi mwanangu."

Akaichukua barua ya posa kutoka kwenye sinia, haijafunguliwa, akamrudishia Shangazi Raya kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Hakuna aliyeigusa halua.

Abdullatif aliinuka. Alipopita kando ya pazia, lilisogea kidogo, akamwona Ghalia amesimama, machozi yakimdondokea mikononi, juu ya hina aliyojipaka kwa ajili ya siku hiyo.

"Nilikuuliza, Latifu," alisema. "Nilikuuliza."

Pazia likafungwa. Nje majirani walikuwa wamekwisha kusanyika, wakitabasamu, wakingoja kumpongeza bwana harusi. Akapita katikati yao na santuri yake kwapani, kichwa chini, asiweze kumwitikia hata mmoja. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.